Mzee Ojwang', Mama Kayai na Usiku Ule wa Merti



Leo niruhusuni niteremke kidogo kutoka mimbarini, nizungumze jambo ambalo huenda baadhi yenu mtastaajabu kulisoma katika safu ya mwalimu wa madrasa. Nataka kuzungumza juu ya kicheko, tena kicheko cha mbele ya televisheni.

Alhamisi iliyopita, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumetandika jamvi uani hapa Merti kama ada yetu. Tulikuwa watu saba, na baina yetu mlikuwa na simu nne. Mmoja alicheka pembeni, tukamtazama, hakutueleza. Mwingine akacheka upande wa pili, naye vilevile hakusema neno. Mjukuu wangu mwenye umri wa miaka tisa akanijia na simu ya mamake, akanionyesha mzee mmoja apitaye njia yake, akamwagiwa ndoo ya maji na vijana asiowajua. Mzee yule aliteleza akaanguka, nao wakawa wakimpiga picha huku wakicheka.

"Babu, mbona hucheki?" akaniuliza.

Nikamwambia kwamba sikuona cha kuchekesha. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekosa fahamu, kisha akauliza, "Kwani nyinyi zamani mlikuwa mkicheka nini?"

Kabla sijamjibu, bibi yake akadakia kutoka jikoni: "Muulize habari za Mzee Ojwang'. Tena muulize usiku ule yeye alikuwa amesimama wapi."

Nikainamisha kichwa. Miaka inakaribia thelathini, na mama huyu hajasahau. Nimemwomba ruhusa niwasimulie nanyi, naye ameniruhusu kwa sharti moja, kwamba nisijipambe.

Kwa vijana wasiojua, naanza na maelezo mafupi. Katika miaka ya tisini televisheni nchini Kenya haikuwa na milango mingi kama leo. Kwa muda mrefu kulikuwa na kituo kimoja tu, Sauti ya Kenya, kilichobadilishwa jina mwaka 1989 kikawa KBC. KTN ilikuja mwaka 1990, na kwa miaka mingi haikuwafikia watu wengi nje ya Nairobi. Basi katika KBC kulikuwa na michezo miwili ya kuchekesha ambayo kila nyumba yenye televisheni iliingoja. Mmoja ni Vioja Mahakamani, uliokuwa na hakimu, mwendesha mashtaka na washtakiwa wenye majibu ya ajabu. Wa pili ni Vitimbi, nao ndio kiini cha maneno yangu ya leo.

Vitimbi ulikuwa mchezo wa nyumba na ujirani. Mwenye nyumba ni Mzee Ojwang', mzee wa maneno mengi na hasira za karibu, ajionaye mjanja kuliko dunia nzima. Mkewe ni Mama Kayai, mwanamke mwenye sauti na macho yasiyopitwa na jambo. Kando yao walikuwapo akina Makokha na Masanduku arap Simiti, kila mmoja na lafudhi yake na ujinga wake. Visa vyenyewe vilikuwa vidogo. Mzee amepanga hila ya kupata pesa, au amezificha mkewe asizione, au amejigamba mbele ya mgeni kwa jambo asiloliweza. Hila inajikunjakunja mpaka inamrudia mwenyewe, na Mama Kayai anakuwa ameijua tangu mwanzo. Hapakuwa na zaidi ya hayo, wala hapakuhitajika zaidi.

Waliocheza walikuwa mahodari wa kazi yao. Mzee Ojwang' jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu, lakini aliigiza Mjaluo kwa ustadi hata watu wengi, Wajaluo wakiwamo, wakamdhania ni mwenzao. Mama Kayai ni Mary Khavere, na jina hilo nalo si la Kijaluo. Wawili hawa walizoeana katika mchezo hata nusu ya nchi ikaamini kwamba ni mtu na mkewe. Hawakuwa hivyo. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake.

Mimi nilizaliwa Lamu na huko ndiko niliposoma. Nikiwa kijana niliwahi kuutazama mchezo huu nyumbani kwa ami yangu Mombasa. Wazee wetu walikuwa wakishika vichwa, si kwa sababu ya dini bali kwa sababu ya lugha. Kila Mzee Ojwang' alipofungua kinywa, ngeli zilianguka kama nazi wakati wa upepo. Ami yangu alikuwa akisema, "Huyu anatuulia lugha," kisha anacheka mpaka machozi yakimtoka, na juma la pili yake yeye ndiye wa kwanza kuketi.

Mwaka 1995 nilikuja Merti kusomesha watoto Qur'ani. Lami wakati huo iliishia Isiolo mjini. Kutoka hapo ulipanda lori la mifugo au la vyakula, ukaketi juu ya magunia kwa zaidi ya kilomita 200 za vumbi, mpaka ukauona mto Ewaso Ng'iro na mikoma ya ukingoni mwake. Watu wa hapa ni Waborana, Waislamu wafugaji wenye heshima na maneno machache. Walinipokea kwa maziwa, wakanipa nyumba, na mwaka uliofuata wakanioza binti yao.

Mke wangu hakukua na Kiswahili. Lugha yake ni Kiborana, na Kiswahili alikuwa amekiokota dukani na shuleni kwa miaka michache. Nami nilikuwa kijana niliyejaa nahau na sarufi. Aliposema "maji yangu imemwagika," mimi nilimsahihisha: "Yamemwagika." Aliposema "kitoto amelala," nilimsahihisha. Nilidhani namfundisha, na katika nafsi yangu niliona ni katika wema wa mume kumwelimisha mkewe. Sikuona kwamba mwaka ulipokuwa ukienda maneno yake ya Kiswahili yalikuwa yakipungua badala ya kuongezeka. Alikuwa akinijibu "naam", "la" na "inshallah", basi. Nikamsifu mbele za watu kwamba ni mwanamke mtulivu.

Sasa nirudi kwenye televisheni. Mawimbi ya KBC hayakutufikia Merti. Lakini jirani yetu mmoja, mfanyabiashara, alinunua televisheni, mashine ya video na jenereta ndogo. Ndugu yake aliyekaa Isiolo mjini alikuwa akinasa Vitimbi katika kaseti, na kaseti zile zilikuja na dereva wa lori pamoja na sukari na majani ya chai. Usiku wa kaseti mpya ulijulikana kwa mngurumo wa jenereta. Wanawake na watoto walikusanyika katika ua wa jirani yule, na wanaume walikuwa na usiku wao.

Mimi sikupendezwa. Siku moja ya Ijumaa nilisimama nikazungumza kwa ukali. Nilisema upuuzi umeingia mjini kwa lori. Nilitaja Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, yenye onyo kali kwa anayesema uongo ili awachekeshe watu. Nilisema kicheko kingi hufisha moyo. Hayo yote ni maneno ya kweli katika mahali pake. Sikujiuliza kama pale palikuwa mahali pake, wala sikuwa nimeitazama kaseti hata moja.

Kisha ikaja mvua. Wakubwa wenu wanaikumbuka El Niño ya mwisho wa mwaka 1997. Hapa kwetu Ewaso Ng'iro ulifurika, na njia ya Isiolo ikakatika. Malori hayakupita, na mbuzi walikufa katika tope kwa makundi. Katika mwezi wa Novemba mtoto wetu wa kwanza, mvulana wa miezi minane, alishikwa na homa. Dawa ilikuwa ng'ambo ya maji. Siku ya tatu tulimzika, na kaburi lake lilijaa maji tulipokuwa tukilichimba. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nilifanya yanayompasa mwalimu kufanya. Nilisoma, nilisubiri, nilimhimiza mke wangu asubiri. Nilimwambia malipo ya mama aliyefiwa na mtoto mdogo akasubiri, nayo ni makubwa mno. Akasema, "Naam." Tukafunga Ramadhani, tukasali Idi, na katika muda wote huo sikumsikia akicheka hata mara moja, wala akilia. Alipika, alifua, alisali. Nyumba yetu ilikuwa kimya kama duka lililofungwa.

Baada ya Idi, mwezi wa Februari 1998, njia ikapitika kidogo. Lori la kwanza likaleta unga, mafuta ya taa, dizeli na, kumbe, kaseti. Usiku ule nilirudi kutoka msikitini nikakuta nyumba haina mtu. Nikasikia jenereta.

Nilikasirika, siwafichi. Mke wa mwalimu, miezi mitatu baada ya msiba, yuko kwenye video aliyoikataza mumewe! Nilichukua tochi nikaenda mpaka nje ya ule ua, penye boma la miba. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwita. Mle ndani nilisikia sauti ya Mzee Ojwang' ikifoka, ngeli zikianguka kushoto na kulia, kisha sauti ya Mama Kayai ikimjibu neno moja la kumzima. Wanawake wakaangua kicheko, na katikati ya vicheko vile nikakisikia kimoja ninachokijua.

Kilikuwa kicheko cha mke wangu. Kilianza kidogo, kikapanda, kikavunjika, kikawa kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko tena. Niliwasikia wanawake wenzake wakimwambia kwa Kiborana maneno ya kumtuliza, nao wakilia na kucheka pamoja naye. Mchezo ulikuwa ukiendelea, na hapana aliyeutazama tena.

Nilizima tochi. Sikuingia, wala sikumwita. Nilirudi msikitini nikaketi gizani mpaka jenereta ilipozimwa.

Asubuhi yake ajuza mmoja wa mtaani, ambaye sote tulimwita Akko, yaani nyanya, alinijia na kibuyu cha maziwa. Alikuwa ameiona tochi yangu. Akaniambia, "Maalim, jana uliwaka halafu ukazima. Umefanya vizuri kuzima." Kisha akaniuliza, "Wajua kwa nini mkeo anampenda yule mzee?" Nikasema sijui. Akasema, "Kwa sababu anasema Kiswahili kama sisi, na hapana mtu anayemsahihisha."

Wasomaji wangu, nimesoma kwa masheikh wengi, na Mungu awarehemu waliotangulia. Lakini sijapata kusikia somo fupi na zito kama lile. Mtu aliyevunja ngeli zote ambazo mimi nilizilinda alikuwa amemfungua mke wangu kinywa, nami kwa usahihi wangu wote nilikuwa nimekifunga. Hakuweza kunililia kwa sababu hata kilio chake alihofia nitakisahihisha.

Tangu siku hiyo sikumsahihisha tena. Leo anazungumza Kiswahili kingi, cha Merti na cha Lamu kwa pamoja, na bado maji yake "imemwagika". Nami nayafuta.

Nilirudi pia kwenye vitabu vyangu, kwa sababu mwalimu aliyepinga jambo mbele ya watu humpasa alitazame upya kwa haki. Nikakuta niliyoyasoma tangu utotoni na nisiyoyazingatia. Nilikumbuka kisa kilichopokewa katika Hadithi sahihi, cha Wahabeshi waliocheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamsitiri Bibi Aisha kwa joho lake ili atazame. Hakumharakisha. Alisimama naye mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka. Mume alisimama ili mkewe apate kufurahi. Nami nilikuwa nimesimama nje ya boma la miba na tochi.

Nilikumbuka vilevile kisa cha Zahir, bedui aliyekuwa akimletea Mtume zawadi za nyikani. Kisa hiki naona kama kiliandikwa kwa ajili ya watu wa Merti. Siku moja Zahir alikuwa akiuza bidhaa zake sokoni, Mtume akamjia kwa nyuma akamkumbatia, naye asimwone ni nani. Kisha akamtania kwa kuuliza watu ni nani atakayemnunua mtumwa huyu. Zahir, ambaye hakuwa mzuri wa sura, akasema kwamba basi atapata bei duni. Mtume akamjibu kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu yeye si wa bei duni. Tazameni mzaha ule ulivyoanza na ulivyokwisha. Ulianza kwa masihara sokoni, ukaisha mtu yule ameinuliwa mbele ya watu wote.

Tangu hapo nimejiwekea kipimo, nami nawapa kama nasaha ya baba, si kama fatwa. Kichekesho kinapokwisha, tazama aliyechekwa yuko wapi. Ikiwa ameachwa chini, ameaibika, na hana pa kuuweka uso wake, hicho ni kejeli, na Sura ya Hujurat imetukataza watu kuwafanyia watu wengine kejeli, na ikawataja wanawake kwa wanawake khasa. Ikiwa aliyechekwa ni mwenye kiburi aliyejikwaa kwa hila yake mwenyewe, kisha mkewe akamwekea chakula na maisha yakaendelea, hapo pana mafunzo na pana rehema.

Yule mzee wa kwenye simu ya mjukuu wangu hakuwa mwigizaji. Alikuwa mtu na njia yake, akaanguka kwa kweli, akaumia kwa kweli. Mzee Ojwang' alijiangusha mwenyewe ili sisi tujione katika yeye. Hakuna mume aliyeutazama mchezo ule asijikute ndani yake.

Siusafishi mchezo ule kupita kiasi. Palikuwa na makelele mengi, na baadhi ya maneno mimi nisingependa yatamkwe nyumbani kwangu. Walicheka pia lafudhi za makabila, na mtu anaweza kuuliza kama hiyo si ile kejeli iliyokatazwa. Nimelifikiri swali hilo sana. Ninaloweza kusema ni kwamba katika Vitimbi kila kabila lilipata zamu yake, na aliyechekwa zaidi ya wote ni mwenye nyumba. Isitoshe, tuzikumbuke siku zenyewe. Mwaka 1992 watu waliuana na kufukuzana Bonde la Ufa kwa sababu ya makabila. Mwezi wa Agosti 1997 moto ukawaka kwetu pwani, Likoni na Kwale, na jirani akamwambia jirani arudi kwao bara. Msomaji wa Mombasa hahitaji kukumbushwa na mimi. Katika siku zizo hizo, ndani ya kile kisanduku, Mkikuyu aliishi kama Mjaluo, akabishana na mke wake na majirani wa kila lafudhi, na hapana aliyemwambia mwenziwe arudi kwao. Ulikuwa mchezo tu, nakubali. Lakini watoto waliutazama, na mtoto hujifunza kwa kuona watu wakikaa pamoja kuliko kwa kuambiwa wakae pamoja.

Mzee Ojwang' alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78. Ilikuwa ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Miaka yake ya mwisho macho yalikuwa yamemsumbua, na wananchi walichanga kumsaidia. Wengi walisema wakati ule kwamba tunawacheka wachekeshaji wetu tukishiba, kisha tunawasahau wakiumwa, na ni kweli. Hesabu ya kila mja iko kwa Mola wake, nami si mwenye kuhukumu. Ninalojua ni deni langu. Habari zilipotufika mke wangu alikuwa akitayarisha futari. Akaacha mwiko, akaketi, akasema kwa utaratibu, "Yule mzee alinitoa kaburini." Nilijua ni kaburi gani, na sikusema neno.

Sasa, mama zangu, nini cha kufanya na nyumba zetu za leo? Sisemi tuzitupe simu. Mimi mwenyewe naiandika makala hii na kuituma kwa simu, na zamani barua yangu kutoka Merti ingekaa njiani wiki mbili. Wala sisemi kila cha zamani ni dhahabu. Ninalolililia ni kitu kimoja tu: tumeacha kucheka pamoja. Kicheko cha pamoja kilikuwa na mlinzi wake. Nyanya akiwa ameketi jamvini, na binti yuko mbele yake, na mjukuu magotini, neno la fedheha halikuweza kupita bila kila mtu kulisikia. Mwigizaji alilijua hilo, akajichunga. Leo mtoto anacheka peke yake chini ya shuka, na hapana anayejua anamcheka nani, wala anafundishwa nini na kicheko hicho. Wala hapana anayemjua mtoto asiyecheka. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Katika ua ule wa Merti wanawake walijua upesi kwamba mwenzao analia, kwa sababu walikuwa karibu kiasi cha kumsikia. Lau mke wangu angekuwa na simu yake na chumba chake, ningemsikia wapi?

Kwa hiyo nawaomba mjaribu jambo dogo. Chagueni usiku mmoja katika juma, baada ya Isha, simu zote ziwekwe katika kapu moja isipokuwa moja, na hiyo moja iwekwe mahali wote watakapoiona. Mkubwa wa nyumba achague kitu cha kuchekesha anachoweza kukitazama mbele ya mama yake mzazi na mbele ya binti yake bila kuinuka. Ikiwa hakipatikani, basi simulianeni visa vya nyumbani, kwa maana hakuna aila isiyokuwa na Mzee Ojwang' wake. Watoto waachwe waulize. Tena baba, nakuusia wewe khasa: usiku huo usimsahihishe mtu neno.

Sisi tulianza Alhamisi ileile. Baada ya kumsimulia mjukuu wangu kisa hiki, kwa namna inayofaa umri wake, mamake alitafuta kwenye YouTube akapata Vitimbi ya zamani. Picha ilikuwa na ukungu, na sauti ilikuwa ikikatika. Tuliisimamisha simu juu ya mtungi. Dakika za mwanzo mjukuu alichoka, akasema hamna linalotokea. Kisha Mzee Ojwang' akaanza kujigamba, na Mama Kayai akamtazama kwa yale macho. Mtoto akaanza kutabasamu. Alipomwona bibi yake anacheka kabla hata neno halijasemwa, akaniuliza, "Bibi anacheka nini na bado?"

Nikamwambia, "Anajua linalokuja."

Akasogea karibu naye ili alione pamoja naye litakapokuja.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye utulivu na furaha iliyo halali, awarehemu watoto wetu waliotutangulia, awaliwaze mama zao, na atuonyeshe waume makosa yetu tukiwa bado na muda wa kuyarekebisha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.